Marehemu Hazai

29 Machi

Kwako kitindamimba wangu,

Barua yako ya katikati ya Februari ilifika juzi, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya mtu mwingine. Kwa hiyo wako watu wanaojua habari zetu, na wao pia nawasalimu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Miaka mitano na ushei sijaisikia, nikadhani huko uliko wameipiga marufuku.

Sisi wazima. Goti langu la kulia linatabiri mvua, la kushoto linalibishia. Kaka yako bado anaezeka mapaa ya watu huku la kwetu likivuja. Wifi yako hajambo, bado hajajaliwa mtoto. Ukimwuliza anasema Mungu hajalala. Mimi nasema hajalala, ila labda amejinyoosha kidogo. Na mimi niko palepale barazani, mlangoni mwa ofisi ya usajili, mimi na taipu yangu, tunawajazia watu fomu. Herufi "a" siku hizi inaruka juu ya mstari kama mbuzi anayeruka ua. Wateja hawalalamiki. Anayezaliwa hajui kusoma, na anayekufa hana haja.

Sasa tuje kwenye lako. Unasema una mtoto wa kike, kazaliwa hukohuko, mnamwita Chiriku kwa vile akianza kusema hana kituo, na tarehe thelathini mwezi wa tisa anatimiza miaka sita. Unasema nchi hiyo haimtaki kwa sababu kuzaliwa huko kwao si hoja. Ya kwetu itampa uraia wa kurithi kwa mama yake, mradi aandikishwe ubalozini kabla hajafika sita. Na ili mama awe mama, wanataka nakala mpya ya cheti chako cha kuzaliwa, yenye muhuri wa ofisi hii. Ni hatua kumi na mbili tu kutoka kwenye kiti changu, umeandika. Ni kumi na nne. Umesahau ngazi.

Mjukuu wa miaka mitano na nusu! Wenzangu wanapewa wajukuu wachanga, mimi napewa aliyekwisha kuota meno na kuanza kuyang'oa. Baba yake ni nani? Au huko watoto wanaletwa na posta?

Cheti, subira. Ofisini wanapaka chokaa, na rejista za mwaka wako zimeliwa na mchwa. Wahenga walisema subira huvuta heri, ingawa wahenga hawakuwahi kujaza fomu.

Ni mimi baba yako,
Mpiga taipu wa baraza

*

20 Aprili

Baba, shikamoo.

Poleni na magoti na paa. Sisi hatujambo. Bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nakunja mashuka, mia nne kwa zamu moja. Chiriku anakaa chini ya meza ya kukunjia na kuwahesabu wanaopita kwa viatu vyao. Juzi ameniuliza kama babu anaishi ndani ya taipu au anatoka kwenda kula.

Nimekwenda ubalozini. Yupo karani wa dirisha la tatu, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, nikamwambia habari ya mchwa. Akasema, "Dada, rejista zote ziko kwenye kompyuta tangu mwaka juzi. Mwambie mzee wako mchwa wake wameshastaafu." Foleni nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, Baba, maana nilikujua hapohapo. Mtu akikuuliza saa, wewe unamwambia hali ya hewa.

Umeuliza baba yake. Ni dereva wa lori. Alikwenda kupeleka saruji, na hiyo saruji nadhani imeshakauka.

Bila uraia shule za huku hazimpokei, na mtoto asiye wa nchi yoyote, akifika sita, wanaweza kumpeleka kwenye kituo cha watoto. Nimekiona kituo chenyewe, kina dirisha moja juu sana. Kwa hiyo usinichezee. Panda hizo hatua kumi na nne.

Nimeweka picha. Tazama masikio. Ni yako, maskini.

Binti yako

*

2 Juni

Kitindamimba,

Wifi yako anakusalimu, kaka yako anakusalimu, paa linakusalimu. Picha nimeiona. Masikio ni yangu kweli; mwambie asikae penye upepo. Wifi yako ameichukua akaiweka kwenye kabati la vikombe, na kila akienda kuchukua kikombe anachelewa kurudi.

Cheti utakipata. Lakini mimi mtu akija barazani kwangu, kabla sijaweka karatasi kwenye taipu huwa namwuliza maswali. Na wewe nakuuliza moja. Siku ya kumzika mama yako ulikuwa wapi?

Tulikungoja siku tatu. Mchimba kaburi alikuja akakaa uani na koleo lake, anakula kwetu mchana, anakula kwetu jioni, mpaka nikafikiri amehamia. Kila gari likisimama njiani shangazi zako wanapiga yowe, "Amefika!" Anashuka muuza mkaa. Siku ya tatu likaja shada lako la maua ya plastiki, limebebwa na mtu asiyekujua wala kutujua. Akaniuliza, "Mfiwa ni nani hapa?" Nikamwambia, "Weka popote, hata mwenyewe hajaja."

Watu wakaniuliza, mzee, binti yako yuko hai kweli? Mimi, niliyewajazia fomu watu wa nusu ya mji huu, nikakosa cha kujaza.

Nijibu hilo, nami nitapanda ngazi.

Baba

*

25 Juni

Baba,

Salamu leo sina.

Jana karani wa dirisha la tatu alinipigia simu niende. Alichoka kusubiri cheti, akaniombea mwenyewe huko kwenu kwa kompyuta. Nilikwenda na Chiriku, nimemsuka. Akaniangalia mimi, akaangalia kioo cha kompyuta yake, akaniangalia tena, kisha akakigeuza nikisome.

Jina langu. Jina lako. Nimefariki tarehe 11 Septemba, mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya maziko ya mama. Homa. Mtoa taarifa: baba mzazi. Shahidi: kaka wa marehemu. Na fomu yenyewe wameipiga picha wakaiweka humo, na kila "a" imeruka juu ya mstari.

Karani akasema, "Mtoto huyu amezaliwa tarehe 30 Septemba. Mama yake alikuwa na siku kumi na tisa kaburini." Nikamwambia, mama yake ni mimi, nimesimama mbele yako. Akasema, "Nakuona, dada. Lakini marehemu hazai." Halafu akaomba pasipoti yangu aitazame, akaitia kwenye bahasha. Pasipoti ya aliyekufa ni mali ya serikali.

Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, sina mume. Mama alijua. Wiki moja kabla hajafa aliniambia kwenye simu, "Usije na hilo tumbo. Baba yako atakufukuza mbele ya jeneza langu, na mimi sitaweza kuamka kumnyamazisha." Haya, jibu lako ni hilo. Nilimtii mama.

Panda hizo ngazi ukaseme niko hai.

*

11 Julai

Mwanangu,

Unaona nimejibu upesi. Hata posta wameshangaa.

Ni kweli, niliandika mimi. Nilitaka kuandika ajali, lakini fomu ya ajali ina kurasa nne, na ya homa ni moja. Asubuhi hiyo watu watatu walikuwa wameniuliza tena habari zako. Nikaingiza karatasi kwenye taipu, nikasema ngoja niwape jibu lenye muhuri. Na nyumba, unajua, ilikuwa ya mama yako, na kuihamisha kulitaka saini za watoto wote. Kaka yako akasema utasumbua. Marehemu hasaini, kazi ikawa nyepesi. Tulikusomea na dua. Chai ilikuwa nzuri.

Habari ya tumbo sikuijua. Mama yako alikuwa mtu wa siri. Miaka thelathini na tisa sikujua anakoficha sukari.

Alisema kweli. Ningekufukuza.

Sasa kuapa kwamba uko hai, nimeuliza kwa kuzunguka. Kutoa taarifa ya uongo ya kifo ni miaka miwili au mitatu jela, kutegemea hakimu ameamkaje. Shahidi naye anafuata. Nina miaka sabini na sita. Nikifungwa mitatu, fomu ya kutoka atanijazia nani?

Iko njia nyingine. Kaka yako na wifi yako wanamwandikisha Chiriku kama mtoto wao, kazaliwa hapa nyumbani, mikononi mwa mkunga aliyekwisha kufa. Uandikishaji wa kuchelewa, mashahidi wawili. Natengeneza kumi kwa mwezi. Kisha kaka yako anakuja huko, anawaambia ubalozi binti yake alikuja kukaa na shangazi na karatasi zimepotea, anapewa hati ya dharura ya kusafiria, anarudi naye. Mtoto anapata nchi, wifi yako anapata mtoto. Wewe unakuwa shangazi. Shangazi ni mtu mkubwa sana, usimdharau.

Wifi yako ameshanunua kitanda.

Baba

*

30 Julai

Baba, shikamoo. Naandika shikamoo kwa sababu mama alinifundisha, si kwa sababu umeistahili.

Kitanda mrudishieni fundi. Mwambie wifi simchukii, lakini tumbo lililombeba huyu ni langu, na alama zake ninazo. Mwambie kaka nilimbeba mgongoni mguu wake ulipovunjika, yeye akanibeba mpaka makaburini.

Kazini wamejua. Msimamizi wa kufulia alitaka pasipoti kwa ajili ya kibali changu kipya; nikamwambia iko ubalozini. Akasema, basi na wewe nenda ukakae ubalozini. Sasa napiga pasi nyuma ya duka la mtu asiyeuliza maswali wala kuniangalia usoni. Uhamiaji wamenipa siku sitini niondoke. Nikawauliza niende wapi, kwetu wanasema nimekufa. Yule afisa akaandika kitu, akasema hilo si swali la dirisha lake.

Zaidi ya cheti, sijawahi kukuomba kitu tangu nimeondoka. Nakupigia magoti hapa kwenye karatasi. Umeishi miaka sabini na sita, ameishi mitano. Nenda ukaape. Hata jela nitakuandikia, kila wiki, na Chiriku atakuandikia. Bado siku sitini na mbili kabla hajatimiza sita.

Binti yako, niko hai

*

19 Agosti

Mwanangu,

Nilikwenda. Nataka ujue nilikwenda. Nilivaa koti.

Msajili wa siku hizi ni mwanamke kijana, mkali, anakunywa maji ya moto bila majani. Nikaketi mbele yake, upande ule wanaoketi wateja, kwa mara ya kwanza tangu niijue ofisi hiyo. Nikamwambia nataka kurekebisha kifo. Akasema, "Mzee, tarehe au jina?" Nikasema, chenyewe. Akaweka kikombe chini. Akasema sawa, inawezekana: mtoa taarifa anatia saini kwamba alisema uongo, faili linakwenda polisi, na marehemu anafika hapa mwenyewe aonekane. Nikauliza, marehemu hana pasipoti, atafikaje? Akasema pasipoti atapewa akishakuwa hai. Nikauliza, atakuwaje hai? Akasema, akishafika.

Kalamu alinipa. Niliishika. Nje kulikuwa na mtu na mchumba wake wananisubiri niwaandikie ombi la ndoa, wanachungulia mlangoni. Nikamwambia msajili nakwenda mara moja kuwahudumia wale, narudi.

Wameoana. Sikurudi.

Ndani ya bahasha hii mna cheti. Ni cha kweli, muhuri wa kweli, namba ya kweli, kimetoka Jumanne. Soma jina la baba na jina la mama, halafu kaa chini. Kaka yako anasafiri mwezi ujao.

Ukitaka kukichana, kichane. Nimebaki na nakala.

Baba

*

8 Oktoba

Baba,

Kaka amefika salama na ameondoka salama. Tulikaa naye siku nne kwenye chumba kimoja, hatukusemeshana zaidi ya "pokea" na "asante". Mlangoni alisema, "Dada, ilikuwa karatasi tu." Nikamwambia asiache kumfunga mtoto skafu masikioni.

Nataka ujue ilivyofanyika, kwa sababu wewe hupenda kujua kazi ya watu.

Kaka alitupigia simu kabla, akasema ubalozini mtoto atahojiwa peke yake, bila mtu mzima. Kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu. Nilimwambia ni mchezo. Baba ni mjomba atakayekuja, mama ni wifi, nilimwonyesha picha yake ya arusi, mimi ni shangazi. Akacheka. Akaita "Mama shangazi" siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaacha kuitika. Akisema mama, nanyamaza. Akisema mama naumwa na njaa, nakunja nguo. Alinivuta sketi, alinipiga ngumi, alikaa kimya mchana mzima, yeye, Chiriku. Akisema shangazi tu, nageuka, nampa maziwa, namkumbatia. Kumfunza mtoto ni kazi nyepesi, Baba. Ni kama kukunja shuka. Ukijua pembe zilipo linakwenda lenyewe.

Tarehe thelathini alitimiza sita. Nilimkaangia yai. Jioni yake alikuwa akiruka ngazi za nyuma ya duka, akateleza, akapasua goti mpaka nyama ikaonekana. Alilia kwa sauti hata jirani akatoka. Alilia, "Shangazi! Shangazi!"

Basi nikajua yuko tayari.

Ubalozini alikuwa dirisha jingine, karani mwingine. Kaka anasema alijibu yote bila kusita, mpaka karani akampa peremende.

Nimekubali kwa sababu ya lile dirisha la juu la kituo cha watoto. Lakini nimekubali kwa muda. Siku zangu sitini zimepita na najificha, naweza kujificha mwaka, naweza hata miwili. Wewe utakuwa naye hapo, utamsikia anavyosema, utashindwa kuvumilia, nakujua. Siku hiyo panda ngazi. Ukanirudishe kwenye rejista, nipate pasipoti, nije nimchukue mwanangu. Nitamfundisha upya. Hilo tu ndilo ninaloishi nalo.

Mimi

*

20 Novemba

Kwa shangazi wa Chiriku,

Naandika kwa mkono. Taipu nimeiacha barazani.

Amefika na anakula. Wifi yako anamwosha mara mbili kwa siku utafikiri sahani. Mimi ananiita Babu, na ananitesa. Kaka yako akirudi kazini anamvua viatu. Asubuhi nakwenda naye barazani, anakaa chini ya meza yangu na kuwatambua wateja kwa miguu yao. Siku ya kwanza akaniambia, "Babu, mwenye kandambili analia." Nikainama kutazama, kweli.

Ulinijua vizuri. Sikuvumilia hata miezi miwili. Wiki iliyopita nilimwambia, tuko wawili tu, nikamwuliza, "Mama yako hasa ni nani?" Akanitazama kama karani wa dirisha. Akasema, "Babu, ukiniuliza tena sitakuitikia."

Nikavaa koti, nikapanda ngazi. Safari hii sikuogopa, naapa, na mimi huapa kwa kazi. Lakini miaka yote hii imenifundisha kuuliza kabla ya kutia saini, kwa hiyo nikamwuliza yule msajili kwa mfano wa jirani yangu. Nikasema, jirani ana binti aliyeandikwa amekufa naye yu hai, na mtoto wa huyo binti ameandikishwa kwa mjomba. Jirani akitaka kumrudisha binti, itakuwaje?

Akafikiri, akanywa maji yake. Akasema, "Mwambie jirani yako asithubutu. Mama akirudi kwenye rejista, cheti cha mtoto kinafutwa siku hiyohiyo. Anabaki mtoto aliyezaliwa nje, hakuandikishwa, na miaka sita imeshapita. Hana kwao hapa wala kule. Mjomba na mkewe wanakwenda jela, na aliyewaandikia fomu anawatangulia." Nikauliza, jirani akikubali jela? Akasema, "Jirani akubali asikubali, mtoto anaondolewa nchini. Kwa hiyo huyo mama, kama anampenda, abaki alivyo."

Nilimshukuru kwa niaba ya jirani. Nikashuka. Sikumwandikia mtu yeyote kitu siku hiyo.

Nimepiga hesabu hii kila upande, mwanangu, na mimi nazijua fomu kuliko wanaozitunga. Hakuna mlango. Nilipokuua nilidhani nakuumiza wewe, basi. Sikujua kwamba utakuja kuwa na mtu wa kumfia.

Usifufuke.

Jumatatu amepokelewa shule. Walimwita jina kutoka kwenye daftari, akasimama akaitika, hakuna aliyemwuliza kitu. Mwalimu anasema ana kichwa chepesi, herufi zote amekuja nazo, sasa anaunganisha. Jana amechukua bahasha yako ya mwisho kutoka mfukoni mwangu na kunisomea stempu, kisha anwani, polepole, kwa kidole.

Kwa hiyo usiniandikie tena.

Baba